Tunataka kufungua machimbo madogo ya kifusi kwa ajili ya barabara ya kijiji (Muheza). Wazoefu, tusikosee wapi?

Mgosi wa Muheza (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha barabara kijijini kwetu, wilaya ya Muheza. Kutoka lami ya Segera–Tanga hadi ofisi ya kijiji ni kilomita 6 na kidogo, na hiyo ndiyo njia inayotoa machungwa yetu. Kiangazi gari lolote linapita. Masika Fuso likizama pale bondeni linalala siku mbili, na machungwa ya chini yanaanza kutoa maji kabla hayajafika hata Muheza mjini. Mnunuzi akishaonja hasara hiyo mara moja, mwaka unaofuata anakuja na bei yake mfukoni, na wewe huna la kumjibu.

Mwaka juzi tulimwagiwa kifusi. Chekundu, kinapendeza, wazee wakasimama kando ya barabara wakipiga picha. Mvua ya kwanza ya vuli bodaboda zikaanza kulala chini moja baada ya nyingine mbele ya shule. Kumbe ulikuwa udongo wa kufinyangia vyungu. Kufika Machi nusu yake ulishahamia mtaroni, nusu umeganda kwenye viatu vya watoto. Aliyeumwaga simtaji, alishamaliza kazi yake na kulipwa.

Sasa kuna kilima kama kilomita 2 kando ya barabara, ambako wazee walikuwa wakichota changarawe ya kumwaga uani na msikitini. Uani kwa marehemu babu hadi leo hakuna tope. Tumeamua kabla ya kuita mtu yeyote mwenye mtambo tuchimbe wenyewe mashimo ya kupima. Tumechimba tisa, safu tatu za mashimo matatu, kila shimo mita 20 kutoka kwa mwenzake. Sululu, mtarimbo na vijana wanne, siku tano.

Tulichokuta: udongo wa juu wenye mizizi wastani wa sentimita 40. Chini yake changarawe ya mawe meupe yaliyochanganyika na udongo mwekundu, wastani wa mita 1.2. Shimo la 3 limegonga mwamba mapema. Shimo la 7 ni udongo mtupu, unanata kama ugali. Mashimo ya 8 na 9 ni mazuri kuliko yote ila yapo upande wa kijito.

Hesabu zetu ni hizi. Barabara yote ikimwagiwa upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni mita za ujazo 750 kwa kila kilomita, kwa hiyo kama 4,500 kwa kilomita 6. Tukaogopa. Tukatembea tena na kamba tukapima sehemu korofi peke yake: bondeni, mbele ya shule, na kile kipando cha kabla ya kijiji. Jumla mita 1,900. Hizo ni mita za ujazo 1,425 tu. Kwingine kote ardhi yenyewe ni ngumu, inataka mtaro na mgongo, haitaki kifusi.

Maswali yangu: leseni inahitajika hata kwa kashimo kadogo hivi? Tuchimbe kwa mikono au tukodi kijiko (mtambo wa kuchimbia)? Na mambo ya mwenye shamba yanakwendaje? Naomba mnisahihishe kabla hatujaharibu kilima cha watu.

Dereva wa Tipa

Mgosi, umenifurahisha kwa kuanza na mashimo. Nimebeba kifusi miaka 14, wengi huwa wanaanza na kijiko na mwenyekiti amevaa koti la kung'aa.

Nikupe hesabu ya gari. Kifusi kikichimbwa kinafumuka. Hizo 1,425 zilizoshindiliwa, kwenye bodi ya gari zinakuwa kama 1,850. Lori la tairi kumi linalobeba mita za ujazo 15 ni tripu kama 124. Fuso linalobeba 6 ni tripu kama 310. Sasa zidisha na mafuta ya kilomita 2 za kutoka kilimani, halafu hiyo njia ya kilimani yenyewe mnaihudumia vipi? Tripu ya thelathini tu inakuwa mahandaki. Tengeni kifusi cha kwanza kwa ajili ya hiyo njia, la sivyo dereva atawakimbia na malipo ya awali.

Kingine cha kukariri: kwa upana wa mita 5 na unene huo, kila mita ya ujazo iliyomo garini inakula mita moja ya barabara, karibu sawasawa. Tairi kumi likimwaga, linasogea mita 15 linamwaga tena. Fuso mita 6. Chomekeni vijiti mapema kando ya barabara, dereva amwage kwenye kijiti. Bila vijiti, sisi madereva tunamwaga panapogeuzika gari. Nasema ukweli.

Mama Machungwa

Mwaka huu kikundi, mwaka kesho katibu ana nyumba ya bati jipya. Nipo pale nimekaa 😂

Mgosi wa Muheza

Dada, karibu kijijini uwe mweka hazina. Tena kiti kipo wazi, wa kwanza alijiuzulu alipoambiwa tutabandika matumizi ukutani.

Fundi Sanifu Mstaafu

Marahaba mgosi. Nimefanya kazi maabara ya udongo, sasa nafuga kuku. Naomba uvumilie, nitaandika kwa urefu maana hapa ndipo mnapoliwa.

Rangi haisemi kitu. Kifusi cha juu ya barabara kinataka mambo matatu kwa pamoja: mawe ya kubeba tairi, mchanga wa kujaza mianya kati ya mawe, na udongo kidogo wa kugandisha. Udongo ukizidi, ndiyo hiyo mliyoiona mbele ya shule. Udongo ukikosekana, mawe yanatawanyika pembeni, kiangazi barabara inapiga rasta, yaani vituta vidogo vidogo vya kukingama, gari linatetemeka hadi skrubu za dashibodi zinafunguka. Watu huogopa tope tu, lakini barabara nyingi za huku kwetu zinaharibika kwa ukosefu wa udongo wa kushika.

Maabara wanapima nini? Kwanza chekecheo, kujua ukubwa wa punje. Pili, wanafinyanga tope la zile punje laini kwenye kibakuli kirefu, wanalikausha, wanapima limesinyaa asilimia ngapi. Tatu CBR, yaani uwezo wa kubeba baada ya kulowekwa siku nne. Katika mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 ukisikia kifusi cha daraja la G15, maana yake CBR yake haipungui asilimia 15.

Wenzetu wa Afrika Kusini katika mwongozo wao wa TRH 20 wana njia rahisi ninayoipenda. Chukua asilimia ya kusinyaa, zidisha na asilimia ya kifusi inayopita chekecheo la milimita 0.425. Jibu likiwa kati ya 100 na 365 upo salama, na panapopita kwenye makazi wanashauri lisizidi 240, kwa sababu ya vumbi. Mfano limesinyaa asilimia 6 na kinachopita ni asilimia 40, hiyo ni 240. Chini ya 100 utapata rasta. Juu ya 365 bodaboda zinalala.

Kabla ya kulipa maabara jaribuni wenyewe. Chukueni chupa ya maji ya lita moja na nusu, kateni shingo, tieni kifusi kilichochekechwa kwa chekecheo la unga hadi theluthi, jazeni maji, korogeni, wekeni mezani. Mchanga unashuka hapo hapo. Udongo unabaki juu umevuruga maji hadi kesho yake. Mtaona tabaka kwa macho. Halafu pasueni bomba la plastiki kwa urefu, lijazeni tope lililokandwa vizuri sentimita 15, anikeni kivulini. Likikauka pimeni pengo. Sentimita moja ni kama asilimia 7. Haitakubaliwa na mhandisi, ila itawaambia shimo gani halifai hata nauli ya kupeleka mfuko Tanga.

Na sampuli msichote juu juu. Kwangueni ukuta wa shimo kutoka chini ya udongo wa mizizi hadi chini kabisa, kwa mstari mmoja wa wima. Mwageni kwenye turubai, changanyeni, fanyeni kichuguu, kigaweni pande nne kama keki, chukueni pande mbili zinazotazamana. Rudieni hadi mbaki na mfuko mmoja.

Mkazi wa Kaole

Sisi Bagamoyo tunawaonea wivu. Huku ufukweni ni mchanga na mfinyanzi basi. Kokoto za Lugoba zipo, lakini ukishalipa usafiri wake unajikuta umenunua barabara mara mbili. Kitongojini kwetu tulichanganya mchanga wa shamba na mfinyanzi wa bondeni, tukasambaza kwa jembe, tukamwagia maji, tukashindilia. Pikipiki na bajaji zinapita. Lori la mkaa lilipoanza kupita, kwishnei.

Pangani Kwetu

Kuna mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale ya kale yaliyoko mashambani. Yakipondwa na magari yenyewe halafu yakanyeshewa yanashikana kama saruji nyepesi. Vumbi jeupe tu ndilo kero. Ila ya baharini msiguse, hiyo ni nyumba ya samaki na ni kesi.

Karani wa Zamani

Nijibu la leseni, maana nimekaa meza hizo.

Ndugu katibu, chini ya Sheria ya Madini ya 2010, mchanga, kokoto, mawe na changarawe ni madini ya ujenzi. Madini ni mali ya Jamhuri. Mwenye shamba ana ardhi ya juu, kijiji kina mamlaka yake, lakini kilichomo chini mnakiomba kwa leseni. Kwa ukubwa wenu ni leseni ya uchimbaji mdogo, ile watu wanaiita PML. Wanapewa Watanzania tu, muda wake miaka 7, inahuishwa. Mnaanzia kwa Afisa Madini Mkazi pale Tanga. Kikundi kisajiliwe kwanza, maana leseni ikitoka kwa jina la mtu mmoja, siku akinuna machimbo yamenuna.

Mrabaha wa madini ya ujenzi ni asilimia 3 ya thamani. Utunzeni kwenye daftari toka tripu ya kwanza. Halmashauri nayo ina ushuru wake, nendeni mkaulize mapema mkiwa na barua, msisubiri kukutana na kizuizi barabarani.

Upande wa ardhi kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Halmashauri ya kijiji haitoshi, pelekeni mkutano mkuu, na muhtasari usainiwe na orodha ya waliohudhuria iambatishwe. Mwenye shamba akubali kwa maandishi, na fidia ya mazao na miti iandikwe kwa kuhesabu mti mmoja mmoja. Nyumba, makaburi na sehemu za kimila, mkae mbali.

Na hapo kwenye mashimo ya 8 na 9, sikiliza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pimeni kwa kamba, siyo kwa macho.

Mgosi wa Muheza

Tumepima leo asubuhi. Shimo la 8 lipo mita 51, la 9 mita 44. Yamekufa yote mawili. Na la 7 ni ugali. Nimebaki na sita.

Mtaniwia radhi nilie kidogo. Kuhusu mwenye shamba, sisi tulisainishana na kaka wawili ambao ndio wanalima pale. Juzi akaja shangazi yao kutoka Korogwe, mtu mzima, kanga mbili, faili la plastiki mkononi. Ndani kuna muhtasari wa kikao cha mirathi cha miaka ile. Robo ya kile kilima ni yake. Kaka zetu wakaangalia chini. Sasa mhuri tulishagonga, na sahihi ya mwenyekiti ipo. Nimeona aibu sijawahi.

Karani wa Zamani

Mhuri si mwamba. Iteni kikao upya, fungueni na "tulikosea", andikeni makubaliano mapya yenye sahihi tatu. Ya zamani yapigwe mstari mbele yake. Na msimpelekee shangazi maelezo kupitia wale kaka.

Fundi Sanifu Mstaafu

Sasa rudi kwenye hesabu ya eneo, maana ndiyo itakayokuambia kama unamhitaji shangazi au la.

Unataka 1,425 zilizoshindiliwa. Kifusi kilicholala ardhini kikichimbwa na kushindiliwa barabarani kinapungua kidogo, chukulia kumi ardhini zinatoa tisa barabarani. Hiyo ni kama 1,580. Ongeza moja ya tano ya mawe makubwa ya kutupa, ya kumwagika, na ya kukanyagwa chini ya shimo. Sasa upo 1,900. Gawa kwa unene wa mita 1.2, unapata kama mita za mraba 1,600, mraba wa 40 kwa 40. Chini ya nusu ekari! Watu hawaamini.

Lakini kifusi hakikai milele. Barabara ya changarawe inapoteza milimita 10 hadi 30 kwa mwaka, inategemea magari na mvua. Chukua 20. Kwa mita zako 1,900 hizo ni mita za ujazo 190 kila mwaka zinazotoka kama vumbi na matope, na zinataka kurudishwa. Kwa eneo ni kama mita za mraba 210 za kuchimba kila mwaka. Miaka mitano ni elfu moja na ushee. Jumla 2,650 hivi. Mashimo yako sita, kila moja likiwakilisha 20 kwa 20, yanakupa 2,400, na hapo hujaacha ukingo wa mpaka wa jirani wala mahali pa kurundika udongo wa juu. Shangazi unamhitaji.

Mama Machungwa

Nasoma kimya kimya. Naomba kuuliza kitu cha kike: hilo shimo likiisha linakuwa la nani? Kwetu kuna moja limeachwa na mkandarasi, masika linajaa, watoto wanaogelea, mbu wanazaana humo, na mbuzi wangu wawili nimewatoa wamevimba.

Fundi Sanifu Mstaafu

Mama, hilo ndilo swali. Na jibu lake linatakiwa siku ya kwanza, mwishoni mtambo ushaondoka na hela imeisha.

Udongo wa juu, zile sentimita 40, kwa eneo lenu la kwanza ni mita za ujazo 640. Hiyo ni mali. Msiusukumie bondeni na msiuchanganye na kifusi. Urundikwe upande wa juu wa machimbo, rundo lisizidi kimo cha mtu, na liwe tuta linalozuia maji ya kilimani yasiingie shimoni. Kwa mkupuo mmoja mmepata pa kuweka udongo na mmepata kinga ya maji. Chimbeni kwa vipande: kipande cha kwanza kikiisha, udongo wa kipande cha pili unakwenda moja kwa moja kufunika cha kwanza. Kuta zisiachwe wima, zilazwe, kwa kila mita moja ya kushuka mtoke mita tatu. Sakafu iwe na mteremko kuelekea mlango mmoja wa maji, na pale mlangoni pawe na kidimbwi kifupi cha kunasa tope kabla halijafika kijitoni. Kilima kinawasaidia: chimbeni kuingia ubavuni, maji yatoke yenyewe. Mkichimba kushuka kama kisima, mmejenga la mbuzi wa mama.

Dereva wa Tipa

Kuna vijiji vinaomba shimo libaki liwe lambo la ng'ombe.

Fundi Sanifu Mstaafu

Liwe kwa uamuzi, lenye njia ya kuingilia isiyo na utelezi na uzio. Lambo la bahati mbaya silikubali.

Kibarua Handeni

Mikono au kijiko? Nimefanya zote. Changarawe ya sululu, mtu mzima anachimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku asijiue. Kwa 1,900 zenu ni siku-mtu kama 760. Watu 20, siku 38. Kupakia ni haraka zaidi, mtu mmoja anapakia kama 8. Hela yote inabaki kijijini, hilo ndilo tamu lake.

Ila acheni ushujaa wa kurusha kifusi juu ya bodi ya tairi kumi. Mabega yanakwisha wiki ya kwanza. Chimbeni njia ya gari iwe chini, wapakiaji wawe juu, bodi iwe usawa wa magoti yao. Mnasukuma tu na koleo. Au tafuteni trela za trekta, zile fupi za mashamba ya mkonge, ni kama zilitengenezwa kwa kazi hii.

Na jambo moja siwezi kulisema kwa mzaha. Vijana wakiona kifusi laini chini na kigumu juu, wanachimba pango kwa chini ili cha juu kijiangushe. Kinajiangusha kweli. Mimi nilikuwa nakunywa uji, mwenzangu aliniambia "nakuja, namalizia hapa". Tulimfukua kwa mikono, kwa sababu koleo ungeogopa kumkata. Alikuwa hai, mguu mmoja hauna kazi hadi leo. Ukuta wa kuchimba kwa mikono usizidi kimo cha mtu, ukizidi kateni ngazi. Anayechimba pango atolewe siku hiyo hiyo, awe mtoto wa mwenyekiti asiwe.

Mgosi wa Muheza

Pole sana kaka. Hilo naliandika la kwanza kwenye sheria za kikundi.

Tumekaa jana, maamuzi ni mchanganyiko: kijiko cha kukodi siku chache kutoa udongo wa juu na kulegeza, mikono kupakia. Vijana na kina mama wataomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa ajili ya zana na trela. Kuhusu TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, tayari tuna mkataba mdogo nao wa kufyeka na kuzibua mitaro, kwa hiyo fundi wao wa wilaya anatufahamu. Amesema majibu ya maabara yakiwa mazuri, kifusi kinaweza kuingizwa kwenye mpango wa matengenezo na greda lao lije kusambaza. Hajaahidi, na mimi sijamnukuu kijijini.

Muda tumepanga Juni. Kuna aliyeniuliza kwa nini tusisubiri Septemba kukiwa kukavu kabisa.

Dereva wa Tipa

Septemba utalipia boza la maji hadi ulie. Juni ardhi bado ina unyevu wa masika, kifusi kinashindilika kwa maji kidogo. Kamata konzi, finya: kikishikana bila kuacha maji kiganjani, shindilia. Kikimeguka, ongeza maji. Kikichuruzika, nenda kanywe chai urudi mchana.

Na mgongo wa barabara usisahauliwe. Upana wa mita 5, katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 12 hivi. Barabara bapa ni bwawa refu.

Mkazi wa Kaole

"Barabara bapa ni bwawa refu". Nimeiba.

Mgosi wa Muheza

Mrejesho wakuu.

Tumefanya jaribio la chupa kwa mashimo yote sita, tukazipanga dirishani ofisi ya kijiji. Watu wamekuja kuangalia kama maonyesho ya Nane Nane. La 3 udongo wake ni kidogo mno, maji yalitakata jioni ile ile. La 5 asubuhi ya pili bado yalikuwa kama chai ya maziwa. Mzee mmoja akasema basi wachanganyeni, yule mwembamba amwoe yule mnene. Fundi, hilo linawezekana?

Bomba la plastiki: la 1, 2 na 4 zimesinyaa kama sentimita moja. La 5 sentimita moja na nusu na limepinda kama ndizi.

Fundi Sanifu Mstaafu

Mzee wenu apewe ajira. Ndiyo, inawezekana. Rundikeni la 5 chini, la 3 juu yake, tabaka kwa tabaka, halafu mpakie kwa kukata rundo kutoka juu hadi chini, msilikwangue kwa juu. Pelekeni maabara sampuli mbili: moja ya kawaida na moja ya ndoa hiyo.

Mgosi wa Muheza

Zimekwenda leo kwa Coaster ya Tanga. Konda akauliza mzigo gani, nikamwambia udongo. Akacheka, akanitoza bei ya saruji.

Na shangazi amekubali. Kikao kilikuwa chini ya mwembe uliopo kwenye sehemu yake. Ametaka mambo mawili: malipo yake yasipitie kwa wale kaka, na ule mwembe usiguswe wala mizizi yake isikatwe, aliupanda mumewe. Kwa hiyo tumehamisha vigingi mita 12 kuuzunguka. Tumepoteza kifusi kizuri, shimo la 10 tulilochimba hapo karibu lilikuwa na mita moja na nusu.

Mama Machungwa

Embe gani?

Mgosi wa Muheza

Dodo.

Mama Machungwa

Hapo sawa.